Mtoto wa Langoni na Jina Lake

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini kwa sababu hata mimi sikuuliza, palikuwa na nchi mbili zilizopakana, Usendo na Utanda. Kati yake palikuwa na ukuta wa mawe, na kwenye ukuta palikuwa na lango moja. Usendo walikuwa na mafundi tele na mashamba haba. Utanda walikuwa na mashamba tele na mafundi haba. Basi wafalme wao wakakutana, wakala, wakashiba, wakatunga sheria: mwenye kazi apite, na chombo chake cha kazi kiwe shahidi wake.

Sheria ilikuwa nzuri, tusiwaonee. Seremala alikuja na msumeno wake, akapita. Mkulima alikuja na jembe lake, akapita. Mlinzi alikipaka chombo ngeu, ule udongo mwekundu, akalitaja jina la mwenyewe, yakaisha. Chombo kimoja, mtu mmoja, msimu mmoja. Asiye na chombo alirudi kwao. Waliopita mikono mitupu walikuwa ndugu tu, maana kumtembelea ndugu si kazi. Na kwa desturi ya huko, mtu ambaye mtoto amepewa jina lake huhesabiwa ndugu wa nyumba ile mpaka anakufa. Hilo lishikeni vizuri.

Sasa, wafalme walimsahau mkunga. Katika nchi zote mbili, mkunga haendi na kitu. Wembe wa kukatia kitovu hutoka katika nyumba anamozaliwa mtoto, na kitambaa hivyo hivyo, na maji hivyo hivyo. Mkunga huleta mikono yake. Lakini waliotunga sheria walikuwa wanaume, na siku wake zao walipojifungua, wao walikuwa nje wakinywa uji. Wangejuaje?

Ikawa mwanamke wa Utanda, jina lake Sikudhani, ameshikwa na uchungu. Uchungu ukaja, mtoto haji. Mumewe akakimbia mpaka langoni, akapiga kelele upande wa pili aitiwe Bi Mashavu, mkunga wa Usendo. Bi Mashavu akaacha unga juu ya jiwe la kusagia, akaja mbio.

Mlinzi siku hiyo alikuwa Mbaruku, mtu mpole mwenye ndevu za mvi.

"Shikamoo, Bi Mashavu. Chombo chako?"

"Marahaba. Hiki hapa." Akamnyooshea mikono yote miwili.

"Mama, mikono si chombo. Kila mtu anayo."

"Kweli, kila mtu anayo. Na mtoto wa Sikudhani ametanguliza miguu. Basi nenda wewe na ya kwako."

Mbaruku akatazama chini. "Sheria imesema chombo, mama yangu."

"Basi mimi sirudi," akasema Bi Mashavu, akakaa palepale kizingitini. "Atakayetaka kupita na aniruke."

Nyuma yake alisimama Machano, mfua vyuma, ambaye kila mwaka kabla ya mvua alivuka kwenda kufua majembe ya Watanda. Alimtazama yule mume anayelia upande wa pili. Akaitoa nyundo begani.

"Shika hii, Bi Mashavu. Utanirudishia jioni."

Bi Mashavu akasimama na nyundo yake. Mbaruku akaiangalia nyundo, akamwangalia mkunga. Mkunga na nyundo, wapi na wapi? Alijua ni ya nani. Alijua pia kwamba mkubwa wa lango hasamehe. Hata hivyo akachovya kidole kwenye ngeu, akaupaka mpini, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Nyundo ya Mashavu. Apite."

Akapita. Huko ndani akafanya kazi yake mpaka jasho likamdondoka kidevuni, akamgeuza mtoto kidogo kidogo, na mtoto akatoka akilia. Msichana, mzima, na mama yake mzima.

Jioni nyundo ikarudi kwa Machano, lakini ilikuwa na ngeu ya mtu mwingine. Chombo kimoja, mtu mmoja, msimu mmoja. Mvua ikanyesha akiwa upande wa Usendo, nyundo mkononi, haina kazi. Mbaruku naye akavuliwa ulinzi. Akawa mtu asiye na kazi wala chombo, na binti yake wa pekee ameolewa Utanda, na huko binti aliyeolewa huhesabiwa wa nyumba ya mumewe, si ndugu wa kuvukiwa lango. Zamani, kwa ulinzi wake, alivuka kila alipomaliza zamu akale kwake. Sasa lango alilolilinda likawa limemfungia nje.

Siku Sikudhani alipotoka ndani, alimbeba mtoto mpaka langoni kumpa jina mbele ya wote. Upande wa pili walisimama watatu wale. Huko jina halikuwa la kiume wala la kike, lakini lilikuwa moja tu. Mkubwa wa lango alikwisha sema hataki kusikia mtoto wa majina matatu.

Bi Mashavu akasema kwanza. "Mwanangu, mikono hii ndiyo iliyomtoa. Na wake wa kwenu bado wana mimba. Nitaazima nyundo mpaka lini?"

Machano akasema, "Mikono yako ilikuwa imekaa kizingitini, Bi Mashavu, mpaka nilipokupa nyundo. Na ulipewa kuku wako kwa kazi yako. Mimi nilipewa nini? Tena hao watoto utakaowatoa watakula nini, kama hakuna wa kufua majembe?"

"Ulitoa nyundo ukijua inarudi jioni," Mbaruku akamwambia taratibu. "Hukujua itakugharimu. Mimi nilijua, na nikalifungua lango." Akamgeukia Sikudhani. "Lakini kwangu si suala la kustahili, binti yangu. Nyinyi wenzangu mna kazi, iko siku sheria itawakumbuka. Mimi nataka kumwona mwanangu tu."

Sikudhani akawatazama mmoja mmoja, machozi yanamtoka. Akawaambia, "Wote mmenipa mtoto huyu, na mimi nina jina moja."

Najua mtaniambia ibadilishwe sheria. Ni kweli, ibadilishwe, na mimi nitakuwa wa kwanza kwenda kuwaambia. Lakini wafalme wanakutana baada ya mavuno, na mtoto yuko langoni leo, na mlinzi mpya ameshachovya kidole anasubiri kumpaka kipajini na kulitaja jina. Sikudhani hakuondoka. Alimnyanyua mtoto juu ya kizingiti kile kile alichokalia Bi Mashavu, akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Aliyenisimulia aliishia hapo, akainuka, akajikung'uta vumbi. Nami nainuka. Ngeu inakauka kidoleni, wenzangu, na watatu wanangoja. Je, lingekuwa lenu hilo jina la kutoa, mngemvusha nani?