Firigisi Haimo Bakulini

Ndugu zangu, watu wanaochunguza ubongo wanasema chembe hai zilizomo kichwani hazifanani. Ukipewa kitu kizuri, nyingine zilitarajia kidogo, basi zinafurahi. Nyingine zilitarajia kikubwa zaidi, na kwa kitu kile kile zinanuna. Kichwa ni kimoja, lakini humo ndani zimo za kushukuru na zimo za kununa.

Sasa mchukulieni baba mmoja, mtu mwenye heshima zake. Katoka shamba, mkewe kampikia kuku. Kafunua bakuli: paja lipo, kidari kipo, mchuzi umekolea. Firigisi hakuna. Na ninyi mnajua firigisi ni ya nani katika nyumba zetu.

Mnadhani kichwani mwake hakikuwemo kitu kilicholifurahia lile paja? Kilikuwemo. Lakini yeye alizisikiliza zile za kununa tu.

"Mama watoto, firigisi yangu iko wapi?"

"Kula kwanza, mume wangu, nitakueleza."

"Sili. Aliyekula firigisi yangu amalizie na hivi vilivyobaki."

Akalisukuma bakuli, mchuzi ukamwagika mkekani.

Mlango wa chumba cha pili ukafunguka. Akatoka mama yake mzazi, mgonjwa, ambaye tangu juzi hakutia kitu tumboni. Anajishikiza ukutani, mkononi ana kisahani.

"Mwanangu, usimfokee mwenzio. Ni mimi niliyeomba. Miaka yote nilimpa baba yako, kisha nikakupa wewe. Nilitaka tu kujua ina ladha gani. Nimeing'ata kidogo. Chukua."

Yule baba alibaki ameinama pale mkekani, aibu imemjaa hadi machoni, na mama yake bado amenyoosha mkono.

Msimcheke. Chembe za kichwani zikinuna si dhambi, ndivyo tulivyoumbwa. Lakini chembe hazina mdomo. Mdomo ulikuwa wake. Na sisi, ni mara ngapi tumezikabidhi ndimi zetu kwa hicho kinachonuna ndani yetu, mbele ya watu waliotulisha?

Naona haya kuuliza, lakini nitauliza. Nani humu kanisani anajua mama yake anapenda kipande gani cha kuku? Mbona mnatazama chini? Wengine mama zetu tumewazika bila kuwauliza. Ambaye wake yupo, akamuulize leo.