Kanda Hewa na Duara Lisilo na Jina

Hapo zamani, na wala si zamani ya majini na masultani, zamani ya juzijuzi tu, kompyuta zikiwa zimeshajaa kila ofisi, palikuwa na mgodi katika mlima Ngurumo. Tulieni basi. Wewe uliyekaa karibu na mlango, sogea ndani, maana hadithi hii inatisha na sitaki mtu anitoroke katikati.

Mgodi ule ulikuwa na desturi yake. Kila duara, yaani kila shimo la kushukia chini, lilipewa jina la mtu, na jina lile halikuwa pambo. Mwenye jina akisimama asubuhi mdomoni mwa duara akasema, "Leo hakuna kushuka," hashuki mtu. Meneja apige kelele, apasuke. Hakuna kushuka.

Hapo alifanya kazi Nakijwa, mtunza kanda. Mumewe Elirehema alichimba kwenye duara jipya ambalo lilikuwa bado halijapewa jina. Kila asubuhi mume anashuka chini ya ardhi, mke anaingia chumba cha mashine na swali lilelile. Duara halina jina. Siku likitaka kuua, nani atalifunga?

Ramani za njia za chini, wapi pamechimbwa, wapi mwamba mlegevu, wapi pana maji, zote zilikuwa ndani ya kompyuta. Na kila jioni kompyuta ilijinakili kwenye kanda hewa.

Sasa msijifanye mnajua. Kanda hewa ni diski inayojifanya kanda. Kompyuta ikiiuliza, "Wewe nani?" inajibu, "Mimi kanda bwana, leta mzigo." Muongo mkubwa! Lakini muongo mwenye faida, maana anapokea upesi. Kisha kila Ijumaa Nakijwa na fundi Kirumbe wanachota yaliyomo kwenye kanda hewa na kuyanakili kwenye kanda za kweli, zile za kushikika, ambazo mkono wa chuma unazipanga ndani ya kabati refu wanaloliita maktaba. Kanda ya kweli inatembea kama bibi harusi, lakini ukiichomoa ukaibana kwapani, unafika nayo popote.

Jumatano moja akaja mkaguzi kutoka makao makuu, Bwana Kaduma. Shati limenyooka, uso umenyooka zaidi. Siku hizo wakubwa walikuwa wakisaka wafanyakazi hewa, yale majina yanayokula mshahara bila kuwa na mwili, na Kaduma alikuwa msakaji haswa. Akaingia chumba cha mashine, akainama kwenye skrini.

"Hizi nini?"

"Kanda hewa, mkuu," akajibu Kirumbe.

"Hewa?"

"Ndiyo, mkuu. Hewa."

"Yaani hazipo."

"Zipo, mkuu. Ila si kanda."

"Hazipo ila zipo. Ni kanda ila si kanda. Kijana, unaniona mimi wa kuja?"

"Hapana, mkuu."

"Nimefuta watu hewa mkoa mzima, leo nishindwe na kanda? Futa zote, kabla sijamaliza chai."

Nakijwa akasogea. "Shikamoo, baba. Humo ndimo zilimo ramani za duara jipya, hatujazi—"

"Marahaba, mama. Futa."

Duara jipya halikuwa kwenye kanda yoyote ya kweli. Mpaka Ijumaa, na kompyuta ikifa kabla, ramani zimekufa nayo.

Kirumbe akakaa, akaanza kubonyeza. Mtoto yule alikuwa na ulimi wa kuuza mchanga jangwani. "Mkuu, vitu vya hewa havifutiki hivihivi. Mashine lazima ivipitie kimoja kimoja ndiyo ivitoe." Mistari ikaanza kukimbia kwenye skrini. Kaduma akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda kunywa chai chumba cha pili, mlango wazi. Alidhani anaona kufuta. Kumbe kunanakiliwa mbele ya macho yake! Kirumbe alikuwa anahamisha kila kitu kwenye kanda ya kweli.

Halafu mkono wa chuma ukaganda.

Ndivyo ulivyokuwa ugonjwa wake. Unachukua kanda, unafika nayo mbele ya tundu la kusomea, unasimama, unaitumbulia macho. Dawa yake ni kuzima umeme na kuisukuma kwa kidole. Lakini ukizima umeme, kunakili kunakufa, na mashine ikiwaka upya inapiga king'ora ambacho hata kiziwi angekuja kuuliza.

"Dada," Kirumbe akanong'ona, "usithubutu kutia mkono. Huo ukiamka hauulizi."

Nakijwa akautazama ule mkono. Umetulia kama nyoka aliyeshiba. Akamwona moyoni Elirehema chini kule na taa yake kichwani. Akatia mkono ndani, akasukuma. Kanda ikaingia, kwi! Na mkono ukaamka.

Hakupiga ukelele. Aling'ata kitenge chake, machozi yakamtiririka, na chumba cha pili Kaduma anakoroga chai, kijiko kinalia kwenye kikombe, ting, ting, ting. Kirumbe alipofanikiwa kuuchomoa mkono wa Nakijwa, vidole viwili havikuwa vidole tena.

Kunakili kukaisha. Kaduma akarudi, akasimama nyuma ya Kirumbe, na safari hii kanda hewa zikafutwa kweli, hadi ya mwisho. "Umeona ilivyo rahisi?" akasema. Kirumbe akamkonyeza Nakijwa: akiikuta ile kanda, nimekwisha. Nakijwa akaichomoa kwa mkono mzima, akaifunga mbavuni ndani ya kitenge, akaondoka kwenda zahanati damu ikimdondoka.

Hakufika mbali. Mbingu zilipasuka. Radi ikapiga mgodi, ikapita kwenye nyaya, ikaingia chumba cha mashine, ikala kompyuta, diski, maktaba na kanda zote zilizokuwamo. Kaduma na Kirumbe walitoka wakikohoa moshi. Pampu zikazimika. Maji yakapanda, udongo ukalegea, na mdomo wa duara jipya ukazibika.

Mlio mmoja tu ulitoka chini, kwenye bomba la hewa. Ngo. Ngo. Ngo. Watu walikuwa hai.

"Tutoboe!" akasema mwendesha mtambo. "Lakini tutoboe wapi? Nikikosea nawafungulia maji."

Ramani? Zimeungua. Nakijwa akashika mbavu zake.

Mgodi wa jirani ulikuwa na kabati kama lile. Wakakimbia, yeye na Kirumbe, wakaitia kanda. Na kanda ya kweli haina mkato, jamani! Inasomwa toka mwanzo, na duara jipya ndilo lililonakiliwa mwisho. Duara la kwanza likapita. La pili likapita. Simu sikioni, Nakijwa anauliza kule mgodini:

"Wanagonga bado?"

"Wanagonga, mama."

Duara jingine likapita.

"Wanagonga bado?"

"Wanagonga. Ila taratibu."

Jingine.

"Wanagonga bado?"

Nakijwa akasikia mvua tu ndani ya simu. Na hapo skrini ikafunguka, na mistari ya duara jipya ikatokea, mwamba, maji na njia.

Kule mgodini wakatoboa pale ramani iliposema. Wakatolewa mmoja mmoja, weusi kwa tope, wanatapika maji. Elirehema alitoka wa mwisho. Alikuwa amechoka hata kugonga.

Maji yalipokauka duara likachimbwa upya, na wachimbaji wakamkabidhi Elirehema brashi na rangi. "Liandike jina kwenye nguzo. Jina la aliyetuokoa."

Kaduma akajitokeza wa kwanza, hana hata haya. "Nichekeni. Lakini nisingeamuru kufuta, hawa wangengoja Ijumaa. Radi ilikuja Jumatano. Kanda hewa zingeungua na ramani zenu tumboni. Amri yangu ndiyo iliyowakimbiza. Na mimi nikisema hakuna kushuka, nani atanibishia?"

Wachimbaji wakaguna. Iliwauma, maana ilikuwa kweli.

"Amri yako ilikuwa ya kuua!" akaruka Kirumbe. "Mimi ndiye niliyesema ndiyo mkuu huku nanakili. Ulimi wangu umewatoa shimoni."

"Na siku meneja atakapokutaka useme duara ni salama?" akauliza Elirehema. "Ulimi huohuo utatuambia nini?"

Kirumbe akacheka, akamgeukia Nakijwa.

Nakijwa akainua mkono wake uliofungwa bendeji. "Vidole vyangu vilibaki mle. Kanda ilikaa mbavuni mwangu. Sina la zaidi."

"Dada, nakuheshimu," akasema Kirumbe, "lakini angekuwa mume wa mwenzio kule chini, ungetia mkono?"

Nakijwa akautazama mkono wake wa bendeji. Hakujua. Hilo lilimtisha kuliko mkono wa chuma.

"Na duara likiwa na jina lako, mke wangu," Elirehema akauliza polepole, "utaturuhusu kushuka lini?"

"Nisikudanganye. Labda nitalifunga kila siku."

Wachimbaji wakatazama miguu yao. Watoto wao walikula kutoka shimo lile.

Brashi imeshachovywa, rangi inadondoka, na kule juu mlima umeanza kunguruma tena. Msiniambie "waandikwe wote", nawajua kwa kukwepa! Nguzo ni nyembamba, na mdomo wa kusema "leo hakuna kushuka" ni mmoja tu. Haya, vaeni taa kichwani, kesho asubuhi mnaoshuka ni nyinyi. Je, jina la nani mngetaka kulikuta mlangoni?