Kokwa za Tende za Bi Mwanatumu

Waliotutangulia wamesimulia, nami nawapa kama nilivyopewa na bibi yangu, Allah amrehemu, kwamba katika mji mmoja wa kale wa huku pwani alikuwako mja mwema akiitwa Bi Mwanatumu. Alifiwa na mume, akarudi kwa wazazi wake. Baba yake ndiye aliyekuwa muadhini wa mji, na alipokufa kazi ya kuadhini akaishika kaka yake, Bwanaheri.

Mama yao naye alipofariki, wakagawana nyumba. Mnajua tena nyumba ikigawanywa. Bwanaheri akachukua vyumba vyote vya mbele, na dada yake akampa banda la mbuzi lililokuwa nyuma, upande wa magharibi. Halina dirisha, paa limetoboka, na harufu ya mbuzi haijatoka. Bi Mwanatumu akabeba mkeka wake na mtungi wake, akaingia.

Siku ya kwanza alilia. Akiwa anafuta machozi, akaona kwenye tundu la paa jua limepenya, limedondosha duara la mwanga pale chini, dogo kama sahani ya kikombe. Akalitazama. Likatembea. Adhana ya Adhuhuri ikaadhiniwa, duara likiwa karibu na mlango. Akatafuna tende, kokwa yake akaipachika pale pale kwenye udongo. Ya Alasiri nayo akaipachika mahali pake.

Ikawa ndiyo kazi yake. Na kwa kuwa jua huhama miezi ikienda, hata kokwa zake zikahama, safu kwa safu, mwaka mzima, mpaka sakafu ya banda lile ikawa kama kanzu iliyotiwa darizi. Mvua ikinyesha, chini ya tundu aliweka mtungi, akapata maji ya udhu bila kwenda kisimani. Wanawake wakawa wanakwenda kusuka ukili wa mikeka kwake, maana ndani mle mlikuwa na raha.

Raha ile ikamkera Bwanaheri. Ukimdhulumu mtu kisha ukamsikia anacheka, huwezi kula ukashiba. Akajenga ukuta wa mawe baina yake na banda, asimwone wala asimsikie.

Sasa sikilizeni. Kwenye ua wa Bwanaheri kilikuwako kijiti alichokisimika baba yao. Kivuli chake ndicho kilichopimiwa Alasiri. Ukuta ulipokwisha kujengwa, jua likiinama tu magharibi, kivuli cha ukuta kikakifunika kijiti chote, kisionekane kinapima nini. Angeweza kukihamisha. Lakini kukihamisha ni kukiri mbele ya mji mzima kwamba ukuta ule ulikuwa kosa. Akawa anakisia. Leo mapema, kesho amechelewa.

Mzee mmoja akamwambia msikitini, "Bwanaheri, wake zetu wameshaswali kwa dada yako, wamerudi, wanatwanga. Wewe bado unapima?"

Watu wakacheka. Ila wazee hawakucheka. Wakamwambia akikosea tena kabla ya Ijumaa, adhana ya baba yake atapewa mtu mwingine.

Kesho yake Adhuhuri ilipokwisha, Bwanaheri akauzunguka ukuta wake mwenyewe, akasimama mlangoni pa banda akapiga hodi. Tangu mama yao azikwe hakuwahi kuipiga.

"Karibu, kaka," Bi Mwanatumu akasema. "Vua viatu, usije ukanikanyagia kokwa zangu za kipupwe."

Akaingia, akaona sakafu. Dada yake akamweleza safu hii ni ya wakati gani na ile ni ya wakati gani. Akamwonyesha kokwa ya Alasiri aliyoipachika siku kama ile mwaka uliopita. Wakakaa kulitazama lile duara likijikokota. Bwanaheri akaona afadhali aseme neno la kujitua mzigo.

"Kumbe umekaa pazuri, dada yangu. Umeridhika, sivyo?"

Ingekuwa rahisi aseme ndiyo, mambo yaishe. Lakini waja wema hawasemi uongo, hata ule wa kumpendeza mtu.

"Kwa Mwenyezi Mungu nimeridhika, alhamdulillahi," akasema. "Lakini wewe umenidhulumu. Hayo ni mambo mawili, kaka. Usiyatie chungu kimoja."

Bwanaheri akainamisha kichwa. Mwanga ukagusa kokwa.

"Nenda kaadhini," dada yake akamwambia. "Watu wanangoja."

Akaenda, akaadhini kwa wakati wake. Aliporudi hakuingia kwake. Alianza na jiwe la juu la ukuta, akalibomoa kwa mkono wake, hata kufika Ijumaa ukuta ukawa chini, na chumba cha mbele chenye dirisha kikawa cha dada yake, kama haki yake ilivyokuwa. Akataka pia kuliezeka banda. Bi Mwanatumu akamwambia aezeke kote, ila lile tundu aliache. Na kila mchana alirudi mle na mkeka wake, akakaa na mwanga wake.

Mimi magomvi ya ukoo wetu huu nimeyasikiliza hata nimezeeka. Wapo wanaosema wamesubiri, kumbe wameogopa. Na wapo wanaodai haki yao mpaka wakasahau kutazama juu. Bi Mwanatumu alishika yote mawili. Mola atujaalie macho ya kuiona neema hata kwenye paa bovu, na ulimi wa kusema kwamba paa ni bovu.

Amin.