Mlezi wa Watoto wa Mbeyu

Sogeeni, wanangu, sikio lisikie na moyo ushike. Palikuwa na mjane, Mbeyu, mwenye watoto wawili wadogo. Maradhi yakamlemea, na nchi ile ilikuwa na zimwi lililochukua kila yatima asiyetajiwa mlezi.

Mbeyu akamwita kaka yake. "Nikifa, utanilelea wanangu?"

Kaka akauliza, "Na mbuzi watakuwa wangu?"

Akamwita shemeji yake, naye akauliza, "Na shamba je?"

Akamwita jirani yake, Dama. Dama akampakata mtoto mdogo, akauliza, "Huyu mdogo akiamka analia, humbembelezaje?"

Mbeyu akatokwa na machozi. Akakusanya kijiji kizima, akasema, "Mlezi wa wanangu ni Dama. Mbuzi na shamba ni mali yao wenyewe."

Siku alipozikwa, zimwi likanguruma uani, "Watoto hawa ni wa nani?"

Mara tatu likauliza, mara tatu kijiji kikajibu, "Wa Dama!" Kwa kila jibu likanywea, hata likawa dogo kama panzi, likatokomea majanini.

Mtoto mkubwa akamshika Dama kanga. "Kesho atatuamsha nani?"

"Mimi, mwanangu."

Hadithi imelala hapo. Nanyi laleni salama.