Kalunguyeye na Kitabu cha Mwaka wa Kiu

— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo.
— Hamkuyasahau jikoni?
— Yapo kichwani, mawili mawili.
— Basi ngano inapita mlangoni.
— Ipite, ikae kitako.

Palikuwa na Kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba mgongoni, ukimgusa anajikunja kama tonge. Na palikuwa na Kiboko, mwenye bwawa la Mbangwe. Bwawa lenyewe hakulichimba, wala hakulirithi. Alilala ndani yake, akanenepa, na wenzake wakazoea kusema ni lake.

Mwaka mmoja mvua ilikataa. Wanyama walihangaika, wengine wakafia njiani wakitafuta maji ya mbali. Mvua iliporudi, majani yalirudi, lakini salamu hazikurudi. Swala alikuwa haongei na Nyani. Nyani alikuwa haongei na Swala. Ngiri alikuwa haongei na yeyote, ingawa huyo hata zamani hakuwa msemaji.

Kalunguyeye akajiuliza: mwaka ule kulitokea nini hasa? Akaamua kuandika kitabu. Si cha kubuni, bali cha kweli, cha kwenda kwa kila mmoja, kumuuliza, na kuandika anachosema.

Akaenda kwa Swala.

"Hodi, dada Swala."

"Karibu, mdogo wangu."

"Mwaka wa kiu ulikuwaje kwako?"

Swala akatafuna jani moja mpaka likaisha. Kisha akasema, "Nilishuka bwawani na mama yangu. Kiboko akatuzuia kwenye mafunjo ya ukingoni. Akasema, 'Rudini. Maji yameisha. Nyani wamekunywa yote.' Tukaenda kutafuta mbali. Nilirudi peke yangu."

"Pole sana, dada," akasema Kalunguyeye. Halafu akachomoa mwiba mgongoni, ng'wa. Akauchovya kwenye maji ya zambarau, chwi. Akaandika juu ya jani la mgomba, kwaru kwaru kwaru.

Akaenda kwa Nyani.

"Shikamoo, babu. Mwaka wa kiu ulikuwaje kwako?"

"Marahaba. Ulikuwa mchungu, mjukuu wangu. Nilishuka bwawani na ukoo mzima. Kiboko akatuzuia kwenye mafunjo. Akasema, 'Rudini. Maji yameisha. Swala wamekunywa yote.'"

"Ukaamini?"

"Kwa nini nisiamini? Swala wana mbio. Wangefika kabla yangu."

Akachomoa mwiba, ng'wa. Akachovya, chwi. Akaandika, kwaru kwaru kwaru.

Akaenda kwa Ngiri.

"Mwaka wa kiu ulikuwaje kwako, kaka?"

"Kiboko alisema maji yameisha. Swala na Nyani wamekunywa yote."

"Halafu?"

"Halafu nikarudi."

Ng'wa, chwi, kwaru. Hapo hata kwaru moja ilitosha.

Mwisho akamkuta Korongo amesimama kwa mguu mmoja.

"Mwaka ule nilipita juu ya bwawa kila siku," akasema Korongo. "Lilikuwa limejaa. Kiboko amelala katikati, anapuliza mapovu, bwu bwu bwu."

"Mbona hukumwambia mtu?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Kalunguyeye akarudi nyumbani, akayatandaza majani sakafuni, moja kando ya jingine. Akasoma la Swala, akasoma la Nyani, akarudia la Swala. Miiba iliyobaki ikamsimama.

Akakipeleka kitabu kwa Kobe, mchapishaji wa bonde zima. Kobe akasema, "Kiache. Nitakisoma." Kalunguyeye akarudi baada ya mavuno kuuliza. Kobe alikuwa amekwisha soma jina la kitabu, na alilipenda.

Jua nalo lilianza kuwa kali. Vijito vilipungua, na Kiboko alikwisha anza kukohoa kohoa kwenye mafunjo, kama mtu anayejiandaa kutoa tangazo. Kalunguyeye akaona akimsubiri Kobe, kitabu kitatoka wakati wasomaji wamekufa kwa kiu. Akachukua majani yake, akaamua kukitoa mwenyewe.

Minana, wale ndege wafumaji wa viota, wakakubali kumshonea kurasa kwa midomo yao, maana kushona wanajua. Lakini majani ya mgomba yalikuwa yanapasuka. Karatasi nzuri hutoka kwenye mafunjo, na mafunjo yote yalikuwa kwa Kiboko.

Akashuka bwawani.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Naomba mafunjo kidogo. Ninatoa kitabu."

"Kitabu," akasema Kiboko. Neno lilimwingia kama tikiti maji. "Mimi nimo?"

"Umo kila ukurasa."

"Wanasemaje juu yangu?"

"Kila niliyemhoji anasema hawezi kukusahau."

Kiboko akatabasamu mpaka matope yakamdondoka shavuni. "Mafunjo utapata. Lakini kwenye jalada liandikwe jina langu. Lako lisiwepo."

Kalunguyeye akajikunja. Alikuwa amepita bonde zima kwa miguu mifupi, na mgongo ulikuwa umebaki na vipara. Maneno hayo yalimuuma kuliko miiba yote aliyoing'oa. Alikaa ndani ya mkunjo wake akifikiri, kisha akatoa pua.

"Sawa, bwana mkubwa. Jina lako peke yake. Ila mwandishi ndiye anayewasomea watu siku ya uzinduzi, kwa sauti yake. Hutaki kukipitia kwanza?"

"Nikipitie cha nini, na mimi ndiye mwandishi?"

"Basi naomba nikuhoji na wewe, kitabu kikamilike. Mwaka wa kiu ulikuwaje kwako?"

"Andika kwamba mimi ni mkubwa."

Akaandika, kwaru kwaru, na akauweka ukurasa huo wa kwanza, kwa haki.

Siku ya uzinduzi wanyama wote walishuka bwawani. Swala upande huu, Nyani upande ule, Ngiri nyuma kabisa. Kiboko akapanda ukingoni, akainua jalada walione jina lake, akafungua.

"Kiboko anasema: mimi ni mkubwa," akasoma. Akasubiri makofi. Yakaja machache, pa, pa. Akafungua ukurasa wa pili.

"Swala anasema: Kiboko alituambia maji yameisha, Nyani wamekunywa yote."

Alikuwa msomaji wa silabi, akili yake ikifuata nyuma ya mdomo. Akafungua wa tatu.

"Nyani anasema: Kiboko alituambia maji yameisha, Swala wamekunywa yote."

Kiboko akasoma wa nne, wa Ngiri, na wa tano akausoma nusu: "Korongo anasema: bwawa lilikuwa lime..." Akafunga kitabu, pwap.

Swala akavuka kwenda upande wa pili. "Babu, kwa hiyo nyinyi hamkunywa?"

"Hata tone, mwanangu. Na nyinyi?"

"Mama yangu alikufa hajayaonja."

Nyani akamshika begani. Kisha akamgeukia Kiboko. "Bwana mwandishi, haya uliyoandika ni ya kweli?"

Kiboko akatazama huku na huku. Akisema ni ya kweli, amejishtaki. Akisema ni ya uongo, amewazulia wenzake, tena nao wamekaa hapo mbele yake.

"Sikuandika mimi," akasema. "Kaandika Kalunguyeye. Peke yake. Mimi hata kukisoma sijakisoma. Ulizeni minana."

Minana wakaitikia, "Ni kweli kabisa, kaandika Kalunguyeye."

"Ahsante, bwana mkubwa," akasema Kalunguyeye. "Nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia."

Hakuna aliyeomba ruhusa tena. Ngiri ndiye aliyetangulia, akampita Kiboko, akaingia majini, chubwi. Wengine wakafuata. Swala na Nyani walikunywa bega kwa bega, taratibu, wakisimulia habari za yule mama. Kiboko akasogea pembeni, akabaki na mafunjo na aibu yake. Siku hizi ukimkuta husema kitabu si kibaya, ila yeye hakuhojiwa vya kutosha.

Funzo la ngano hii, wanangu, mlishike. Ukitaka kuandika jambo la kweli, usijichoshe kuzunguka kwa wadogo. Mwulize mkubwa mmoja, ana majibu yote. Na ukiwa mkubwa, usisome unachotia jina.

— Ngano imetoka mlangoni.
— Imetoka.
— Imebeba nini?
— Masikio yetu.
— Basi kesho mje na macho.