Kilomita Elfu Sitini

Mwashamba, mkunga wa Korogwe mwenye watoto watano, alilitamani gari moja kuukuu la kubeba familia, lenye injini ya turbo, ila mkononi alikuwa na nusu ya bei. Kimweri, tajiri mwenye yadi lilikokuwa likiuzwa, hakutaka kushusha bei.

"Dada, limetembea kilomita elfu sitini tu."

"Nakuamini, bosi. Niandikie hilo nikamwonyeshe mume wangu. Yeye haamini maneno matupu."

Kimweri akaandika, akatia sahihi, akagonga na mhuri.

Mwashamba akaitia karatasi mkobani, kisha akatoa kadi ya fundi aliyoiokota chini ya kiti cha gari hilo. Iliandikwa kwamba mwaka jana oili ilibadilishwa gari likiwa limetembea kilomita laki tatu.

"Nilipe nusu, bosi, au nizipeleke zote mbili polisi?"

Kimweri akachukua ufunguo wa gari. "Nusu inatosha," akasema. "Mafuta nitakujazia mimi."