Mlango wa Bi Unaisa na Fundo la Tatu

Wamepokea wasimulizi wetu kutoka kwa waliowatangulia, na ukweli wote uko kwa Mola Mtukufu, kwamba katika mji mmoja wa kale uliojengwa kando ya mto, mji ambao hata jina lake limeshasahaulika, aliishi seremala mchamungu aliyeitwa Mutarifu bin Aswadi. Alikuwa mtu wa saumu na swala, mkono wake mwepesi kutoa, na watu wa mji walimwamini kwa mali zao na kwa siri zao. Nawaomba mnisikilize vizuri, na aliye na mtoto mwoga amsogeze karibu, maana kisa hiki kina baridi yake.

Huyu Mutarifu alirithi desturi moja kwa mwalimu wake wa useremala. Mteja akija, hakumuuliza kwanza anataka mbao gani. Alimuuliza, "Ili iweje?" Mteja akijibu, alimuuliza tena, "Na hilo nalo, ili iweje?" mpaka mtu anachoka na kuitaja haja yake yenyewe. Kila haja aliipigia fundo katika uzi wa kitani, mbele ya mteja, kwa maneno ya mteja. Akirudi karakanani, kila fundo alilitafutia kipimo chake, shibiri ngapi, unene wa vidole vingapi, ubao wa mti gani. Kazi ikimalizika, aliupeleka uzi kwa mteja, kila haja ikajaribiwa, na iliyotimia fundo lake likafunguliwa. Uzi ukibaki na fundo hata moja, Mutarifu hakugusa ujira.

Alikuja bwana mmoja akitaka kitanda kirefu kwenda juu, kama cha waziri. "Ili iweje?" "Ili mama yangu alale kwa heshima." "Na heshima ya mama yako inapungukiwa na nini?" Yule bwana akajikuna kichwa, akasema, "Kila alfajiri huniita nimshushe, na huona haya." Mutarifu akaenda kupima goti la yule bibi kutoka sakafuni, akatengeneza kitanda cha kimo hicho hicho, chenye nguzo ya kushikia. Kitanda cha waziri kikafia hapo hapo, na bibi akawa anashuka mwenyewe kuswali.

Basi siku moja akaitwa na ajuza aliyeitwa Bi Unaisa, mjane, mwanamke wa ibada, ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa njiani, ukuta wake ukipakana na makaburi. Mlango wake ulikuwa umeliwa na mchwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepooza, na masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka.

"Nataka mlango, mwanangu," alisema. "Usipitishe upepo, maana mifupa yangu inauma. Niweze kuufungua kwa mkono huu mmoja. Na la tatu, ambalo ndilo kubwa, mkono ulio dhaifu kuliko yote ukigonga, niusikie nikiwa hapa kwenye mkeka wangu wa kuswalia."

"Ili iweje, mama?"

"Wahitaji hunijia, mwanangu. Wenye njaa, wagonjwa, wasafiri waliopotea. Nina mkate, nina maji, nina pa kuwalaza. Sina kingine cha kumpelekea Mola wangu. Riziki yangu ya akhera hupitia mlangoni hapo."

Mutarifu akapiga mafundo matatu mbele yake, akaaga.

Sasa hapa ndipo shetani alipopenya, na hakupenya kwa pombe wala kwa dhuluma, alipenya kwa huruma. Karakanani palikuwa na gogo la msaji zuri mno, ambalo Mutarifu alikuwa akilitunza kwa kazi ya heshima. Alipolitazama fundo la tatu alijua vizuri linataka nini. Lilitaka ubao mwembamba, unaoitika ukiguswa. Lakini akajisemea, "Ajuza peke yake, jirani zake ni maiti na mbweha! Huyu anahitaji usalama, hata kama hakusema." Loo! Akawa anaijua haja ya Bi Unaisa kuliko Bi Unaisa mwenyewe. Akapasua mbao nene, unene wa vidole vinne, akazipigilia misumari ya chuma yenye vichwa vikubwa. Mlango ukatoka kama wa ngome, na maseremala wenzake wakaja kuutazama wakitikisa vichwa kwa kuusifu. Walikuwa tayari wanaambizana kwamba mzee wao akifariki, Mutarifu ndiye atakayekuwa amini, yaani mkuu wa maseremala wote wa mji.

Akaupeleka. Upepo haukupita, fundo la kwanza likafunguliwa. Bawaba zilikuwa laini, Bi Unaisa akaufungua kwa mkono mmoja, fundo la pili likafunguliwa. Kisha Mutarifu akatoka nje, mlango ukafungwa, akagonga.

"Nimesikia!" Bi Unaisa akaita kutoka mkekani.

Fundo la tatu likafunguliwa, tena Mutarifu alilifungua mwenyewe. Mkono wa seremala, ndugu zangu! Mkono ulioshika tezo na msumeno tangu ujana, ndio uliosimama mahali pa mkono dhaifu kuliko yote. Na yeye hakuliona hilo. Alirudi nyumbani akimshukuru Mola kwa kazi njema.

Kipande kimoja cha lile gogo kilibaki, ubao wa kimo cha mtu, akauegemeza kwenye ukuta wa karakana. Siku chache zikapita. Alasiri moja akiwa anapiga randa, akasikia hodi. Ilikuwa hodi ndogo, ya kucha. Akaita, "Karibu!" bila kuinua kichwa. Hakuingia mtu. Ikagongwa tena. Akaenda mlangoni, akatazama kushoto na kulia, njia ilikuwa tupu na jua linawaka. Alipogeuka ndipo aliposikia kwamba sauti ilikuwa inatoka ndani, kwenye ubao ulioegemea ukutani.

Akausogelea, akaweka kiganja. Ubao ulikuwa wa baridi, na chini ya kiganja chake kitu kilikuwa kinagonga kutoka upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa ukuta mtupu.

Mutarifu akasoma Ayatul Kursi mpaka mwisho. Hodi ikanyamaza, kama mtu anayesubiri kufunguliwa. Halafu akasikia, ndani ya ubao ule ule, nyayo zikiburuzika kwenye changarawe, zikienda mbali, mbali, mpaka zikapotea.

Kuanzia hapo hakupata raha. Hodi zilikuja asubuhi, zilikuja mchana, na kila moja ilikuwa na mkono wake. Nyingine ilikuwa ya ncha ya fimbo. Nyingine ilikuwa chini sana, kimo cha mtoto, na iliambatana na kikohozi. Zote zilisubiri, na zote ziliishia kwa nyayo kuondoka. Akamwita mkewe, Bi Lubaba, mwanamke asiyetishika upesi. Bi Lubaba akatega sikio ubaoni, uso ukambadilika.

"Bwana wee, huyu si jini," alisema. "Jini hapigi hodi. Hawa ni watu, na wanaomba kufunguliwa. Mlango gani huu wanaogonga?"

Mutarifu alikwenda kwenye msumari alipokuwa ameutundika uzi wa Bi Unaisa, uzi mtupu usio na fundo. Alipoushusha, akaona fundo la tatu limerudi. Alijaribu kulifungua kwa kucha, akajaribu kwa meno, halikufunguka.

Akaenda kwa Bi Unaisa. Alimkuta amekonda, macho mekundu, na kando yake kapu la mikate iliyokauka.

"Karibu, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza kuingia," alisema, na machozi yakamshuka. "Tangu uliponiletea mlango huu mzuri, hakuna mhitaji aliyekuja. Hata mmoja! Nimemkosea nini Mola wangu? Amenifungia mlango. Nakesha nikitubu, wala silijui kosa langu. Nakaribia kufa, na naogopa kufa nimefukuzwa."

Mola atulinde na saa kama ile. Neno la kusema lilikuwa moja tu, nalo lilimfika Mutarifu kooni. Akawaona maseremala wenzake wakitikisa vichwa. Akakumbuka ule uamini wa maseremala aliokaribia kupewa. Akasema, "Subiri, mama. Huenda ni majira tu." Akatoka. Mchamungu yule! Alimwacha ajuza akilia kwa dhambi ambayo hakuitenda, akaenda msikitini kuswali, na swala ile haikumpa utulivu hata kidogo.

Siku iliyofuata, baada ya adhuhuri, ubao ukagongwa. Mkono ulikuwa dhaifu kuliko yote aliyokuwa ameisikia, kama kifaranga kinachodonoa yai. Mutarifu akangoja nyayo ziondoke. Hazikuondoka. Hodi ikaja tena, mahali pa chini zaidi. Kisha chini zaidi tena. Mtu alikuwa anateremka kwenye ubao, polepole, huku akigonga. Hatimaye ukasikika chini kabisa, karibu na sakafu, mkwaruzo wa ukucha mmoja, na nyuma yake kilio cha kitoto kichanga.

"Kimbia!" Bi Lubaba akampigia kelele. "Kimbia, Mutarifu, unangoja nini?"

Akanyakua shoka, akakimbia mji mzima watu wakimtazama. Alipofika karibu na makaburi, palikuwa na kundi la watu waliotoka kuzika, na miongoni mwao walikuwamo maseremala wenzake. Mbele ya mlango wa Bi Unaisa alilala mwanamke msafiri, midomo imepasuka kwa kiu, mtoto amefungwa mgongoni. Mkono wake ulikuwa bado umegusa msaji. Mutarifu akaupiga mlango kwa mpini wa shoka, na Bi Unaisa akafungua. Mkeka wake ulikuwa hapo nyuma tu, hatua chache. Alikuwa ameketi hapo muda wote huo, akimwomba Mola amletee mhitaji.

Akamtazama yule mwanamke kizingitini, akamtazama Mutarifu.

"Si Mola aliyekufungia mlango, mama," Mutarifu akasema, na sauti yake ikasikika mpaka kwa waliotoka kuzika. "Ni mimi. Uliniambia mkono dhaifu, nikakufanyia ngome. Nikaujaribu kwa mkono wangu, na jana nikakuona unalia, nikakuficha ukweli. Waja wa Mola wamekuja hapa kila siku, wakagonga, wakaondoka. Hukuwa na dhambi yoyote. Dhambi ni yangu."

Bi Unaisa hakumlaumu. Alikwenda kuleta maji kwanza. Alimnywesha yule mwanamke tone kwa tone, akamlaza, akampakata mtoto, ndipo akasema, "Alhamdulillahi. Basi sikufukuzwa." Akalirudia neno hilo huku akilia na kucheka, mpaka watu waliosimama nje nao wakalia.

Mutarifu akaupasua ule mlango wa msaji mbele ya maseremala wenzake, na suala la uamini likaishia hapo; akapewa mwingine. Akatengeneza mlango mpya. Miimo na pembe zake zilikuwa imara, lakini ubao wa katikati aliupunguza kwa randa mpaka ukawa mwembamba kama sahani ya mti, na chini, kimo cha mtoto, akatundika kijiti chepesi cha kugongea. Safari hii hakugonga yeye. Yule msafiri, akiwa bado anaegemea ukuta, aliletwa nje na kichanga chake. Akaushika mkono wa mwanawe, akaugusisha ubaoni.

"Karibu, pita ndani," Bi Unaisa akaita kutoka mkekani, hali amewapa mgongo.

Mutarifu akampa uzi. Ajuza akaligusa fundo kwa mkono wake mmoja, nalo likafunguka.

Msafiri yule alipona. Lakini waliokwishaondoka na nyayo zao, Mutarifu aliwatafuta njiani, sokoni na katika misikiti ya miji jirani. Wapo aliowapata akawaomba radhi, na wapo ambao hakuwapata kamwe. Mwenye kile kikohozi cha kitoto hakumpata. Ule ubao aliuhifadhi, na haukugongwa tena maisha yake yote. Akausia kwamba akifa uwe kiunza chake, ubao wa kumfunika kaburini, alale chini yake.

Bi Unaisa alitangulia, akazikwa nyuma ya nyumba yake. Miaka ilipita, na Mutarifu naye akafikwa na ahadi yake, akazikwa jirani naye. Wanasimulia wachimba kaburi kwamba walipokwisha kumlaza na kumfunika kwa ule ubao, kabla ya donge la kwanza la udongo kutupwa, walisikia hodi. Ilikuwa hodi dhaifu sana, ya kucha, kutoka chini ya kiunza. Wakakodoa macho, sepetu zikiwa mikononi, hakuna aliyethubutu kusogea. Na kutoka upande wa kaburi la yule ajuza, sauti ya mwanamke mzee, ya upole, ikajibu: "Karibu, pita ndani."

Hayo ndiyo yaliyotufikia, na Mola ndiye ajuaye zaidi. Mimi kila ninapokisoma kisa hiki najiuliza, katika yale niliyowafanyia watu nikasema nimewatendea mema, ni mangapi niliyapima kwa mkono wangu mwenyewe. Mola atujaalie tuwe wa kusikia hodi, na siku tutakapogonga sisi, pawe na atakayeitika.